Upawa Mmoja wa Oili Nyeusi

Asubuhi ile nyumba ya gia ilinukia alizeti, na hilo lilitosha kumfanya Yunisi Ntandu atabasamu peke yake kila alipovuta pumzi. Tangu Lifti ya Sekenke ijengwe, chumba kile kilikuwa na uvundo wa oili nyeusi, uvundo uliomfuata mtu hadi nyumbani na kulala naye. Leo kilinukia kama ua wa mama yake kule Ilongero siku ya kukamua.

"Mtani, punguza hayo meno," alisema Luhende, mkuu wa nyumba ya gia, huku akikaza nati za mfuniko. "Mnyaturu akianza kucheka mapema hivi, sisi wengine tunaanza kuhesabu mbuzi zetu."

"Na Mnyamwezi akishika spana, nati zinaomba msaada. Kaza vizuri, leo si siku ya porojo."

Luhende alicheka mpaka tumbo likagonga sanduku la gia. Alikuwa mtu wa Nzega, mnene, mpole, na alizoea kulisemesha gurudumu lile kama watu wanavyosemesha ng'ombe wa maziwa. Gurudumu lenyewe lilikipita kimo chake. Lilizungusha waya mnene kama mkono, na waya huo ulishuka ukingo wote wa bonde mpaka Shelui, ambako mabehewa matatu yalikuwa yakingoja kwenye reli zilizolala mgongoni mwa mlima. Kazi ya gurudumu ni kuyavuta juu. Hiyo ndiyo Lifti, na ilikuwa imesimama kwa muda mrefu kiasi kwamba popo walikuwa wameanza kuiona yao.

Ilisimamishwa kwa sababu ya kupe. Visima vya petroli vilipokaribia kukauka, wataalamu wa nchi za mbali walitengeneza oili ya mwisho, nyeusi, kali kuliko zote, iliyojaa chembe zilizobuniwa kutafuta chuma na kukiganda. Watu waliziita kupe, na jina likakaa. Meno ya gia yaliyopakwa kupe yalivuta mizigo ambayo mafuta mengine yasingethubutu. Ubaya wake, kupe hawakufa. Kila tone lililodondoka Sekenke lilishuka na mvua mpaka mbuga ya Wembere, na huko, wasipoona chuma, waliganda kwenye mizizi ya mpunga na kwenye matamvua ya kambale. Baada ya misimu ya mpunga kusimama mweusi bila suke, ikaja Sheria ya Bonde: juu ya maji ya Wembere, mashine yoyote itumie kilainishi kinachooza au isimame. Lifti ikasimama. Malori yakarudi kwenye kona za zamani za mlimani, na wazee wa Shelui wakarudi kwenye kazi ya kuzika madereva wasiowajua.

Yunisi alikuwa fundi wa vilainishi katika kiwanda cha dizeli ya alizeti pale pale Shelui, na pipa alilolimimina kwenye gia jana yake lilikuwa kazi ya ujana wake wote. Leo ilikuwa siku ya mwisho aliyopewa kulijaribu. Likishindwa, wenye Lifti walikuwa tayari na ombi lao la kurudishiwa oili nyeusi kwa msamaha maalumu, na kila mtu alijua ombi hilo lingepita, kwa kuwa watu walikuwa wamechoka kuzika.

Kitu kimoja tu kilimsumbua, tena kidogo, jinsi kokoto inavyosumbua ndani ya kiatu. Kwao Ilongero pipa jipya la mafuta halijazwi likaachwa hivi hivi. Mama yake huchota upawa mmoja kutoka pipa la zamani, akaumimina kwenye jipya na kuyaambia mafuta mageni yakae na mwenyeji wao. Yunisi aliipeleka desturi hiyo hadi kiwandani, na kila tangi la dizeli lilipokelewa namna hiyo, wahandisi wacheke wasicheke. Kilainishi hiki hakikuwa na wa kukipokea. Kilikuwa cha kwanza cha aina yake. Alimwambia Luhende hivyo juzi, wakila mihogo mlangoni, na Luhende hakucheka hata kidogo. Alisikiliza huku ameshika kipande cha muhogo hewani.

*

Mkaguzi wa Mamlaka ya Bonde aliitwa Bi Theonesta. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, na alikula karanga moja moja kutoka mfuko wa koti bila kuondoa macho kwenye kitu alichokikagua.

"Shikamoo, Bi Mkaguzi."

"Marahaba. Nimesoma maelezo yako yote, sikuelewa nusu yake. Nieleze kama unavyomweleza shangazi yako."

Yunisi alinyoosha mikono. Hapa ndipo alipopapenda. "Chukua mafuta ya alizeti, haya ya kupikia. Kila punje yake ni kama mtu mwenye mikono mitatu, na kila mkono umeshika kamba ndefu. Huyo mtu ni glisirini. Tukitengeneza dizeli, tunamnyang'anya kamba zote tatu, kila kamba tunaifunga kifundo cha spiriti. Kamba ikiwa peke yake inawaka vizuri, na hiyo ndiyo dizeli. Glisirini anabaki mikono mitupu, tunampeleka kwenye sabuni."

"Sawa. Na hiki kilichomo kwenye gia?"

"Hiki kinaanzia pale dizeli inapoishia. Tunachukua dizeli ile ile, tunafungua vifundo, tunampa kamba mtu mwingine. Huyu naye ana mikono mitatu, lakini mwili wake ni mgumu. Glisirini akipata joto kali anavunjika kiunoni, ndiyo maana mafuta ya kupikia ukiyatia kwenye mashine yanageuka gundi. Huyu wetu havunjiki."

"Akidondoka kwenye tope?"

"Vijidudu vya tope vinazijua kamba za alizeti, ni chakula chao cha siku zote. Vinamla hata mvua ya pili haijanyesha."

Bi Theonesta alitafuna karanga, akaitazama chupa ndogo iliyoning'inia kwenye mkanda wa Yunisi. Ndani yake alitembea konokono mweupe kama ubwabwa. Makonokono hao walizalishwa maabara, na kila mtu wa Wembere alikuwa nao mmoja au wawili nyumbani. Wakigusa kupe hata chembe moja wanageuka bluu. Watu waliwaita mashahidi.

"Jaribio la tope ulishafaulu mwezi uliopita," alisema mkaguzi. "Huyu wa nini?"

"Nimemzoea tu. Anapenda mafuta yangu, nampa kidogo anaramba."

"Mimi mbwa wangu ananitosha. Haya, washeni."

Luhende alivuta wenzo wa kuwashia. Gurudumu lilitikisika, likasita, halafu likaanza kuzunguka kwa sauti ambayo Yunisi hakuwahi kuisikia pale, sauti ya chini, tulivu, ya kitu kilichoshiba. Kwenye dirisha kubwa mabehewa matatu yaliyojaa mchanga yalitoka Shelui yakaja yakipanda mgongo wa mlima, madogo kwanza, kisha makubwa. Sindano ya geji ya joto ilipanda kidogo ikakaa. Mstari mwekundu ulikuwa mbali. Mabehewa yalifika juu, yakateremshwa tena na mchanga wake mpaka chini kama taratibu zilivyotaka, na sindano bado ilikuwa imekaa pale pale kama mgeni aliyeridhika na kiti.

Kwenye redio vigelegele vya Shelui vilipasua spika. Luhende alimkumbatia Yunisi akamnyanyua, kofia ikaanguka. Yunisi alipiga kelele za furaha, hakujali mkaguzi anamwonaje. Alitamani kukimbia, alitamani kulia, akafanya yote mawili akizunguka chumba.

"Safari ya pili ni ya watu," Bi Theonesta alisema, na hata yeye alikuwa amesahau karanga zake. "Mwageni mchanga, pandisheni abiria. Wakifika salama nagonga muhuri."

*

Kule chini watu walikuwa wamevaa nguo za sikukuu. Yunisi aliwaona kwenye kioo cha kamera wakigombania viti. Aliokota kofia yake, na kwa furaha aliyokuwa nayo akaona si haki shahidi wake akose sherehe. Alifuta tone lililochungulia kwenye mpira wa sanduku la gia kwa ncha ya kitambaa, akalidondoshea ndani ya chupa.

Konokono alisogea, akaramba. Pembe zake zikawa bluu.

Yunisi aliigeuzia chupa dirishani, akidhani ni kivuli. Bluu ilikuwa imeshafika shingoni.

Alimvuta Luhende nyuma ya sanduku la gia, mahali ambapo mngurumo wa mota ungewafunika. "Luhende, humu ndani kuna nini zaidi ya mafuta yangu?"

Uso wa Luhende uling'aa. "Umegundua? Nilitaka nikwambie jioni, tukiwa tumekaa. Nimekupokelea."

"Umenipokelea nini?"

"Mafuta yako. Si ulisema hayana mwenyeji? Nikajiuliza, mwenyeji wa gia hii ni nani kama si oili iliyoinywa miaka yote? Nilikuwa nimebakiza kidogo kwenye kopo, ukumbusho tu. Nikachota upawa mmoja. Hata maneno nimeyasema, mtani, kama ulivyonieleza anavyosema mama. Karibuni, kaeni na mwenzenu."

Hasira ilimpanda Yunisi, lakini haikupata pa kukaa. Ni yeye aliyemwambia. Mtu mzima wa Nzega, asiye na desturi hiyo kwao, ameamka mapema kuitimiza kwa heshima yake. Alimwonyesha chupa.

Luhende alimtazama konokono. Mkono wake mnene ulipanda ukafunika mdomo. "Upawa mmoja tu," alisema.

"Upawa mmoja wa kupe unatosha kupaka kila jino la gurudumu hili. Geji imelala asubuhi yote, hatujui kama imelazwa na mafuta yangu au na kupe."

Luhende akainama, akaongea harakaharaka. "Sikiliza. Watu wanapanda. Muhuri uko mezani. Mwache mama agonge muhuri wake aende zake, kesho mimi na wewe tunaosha gia yote, tunaweka mafuta yako matupu. Sheria itakuwa imefuatwa, Wembere itakuwa salama. Nani ataumia?"

"Na mafuta matupu yakishindwa?"

"Hayawezi kushindwa. Umeyatengeneza wewe."

Hilo ndilo lililomuuma zaidi ya yote, kwa sababu lilisemwa kwa moyo mweupe. Yunisi alitaka kukubali. Alitaka sana, na hakujidanganya kuhusu hilo. Akisema ukweli, jaribio linakufa, na kesho kutwa oili nyeusi inarudi kwa baraka zote za serikali, kupe wanateremka tena kwenye mpunga. Akinyamaza, mbuga inapona. Ilikuwa wazi hivyo, mpaka alipofika kwenye neno moja ambalo hakuweza kulivuka. Hakujua. Aliamini mafuta yake, lakini hakujua, na kuanzia kesho watu wangekuwa wakining'inia kwenye mlima ule juu ya kitu asichokijua.

Redio ilikwaruza. "Yunisi, mwanangu." Ilikuwa sauti ya mama yake, Bi Hadija, mkamuaji wa Ilongero, aliyekuja tangu juzi na kanga mpya. "Tumeshakaa. Wamenipa behewa la mbele, niko hapa dirishani kama bibi harusi. Mbona hamtuvuti?"

Yunisi alichukua redio.

"Mama, shukeni. Shukeni wote. Gia ina kupe."

*

Bi Theonesta alimshika konokono kwenye kiganja, akamgeuza huku na huku. Luhende alieleza mwenyewe, amesimama wima kama mtu mahakamani, hakuacha hata yale maneno ya kukaribisha. Mkaguzi alisikiliza mpaka mwisho.

"Jaribio la asubuhi halipo tena," alisema. "Mnaelewa hivyo?"

"Tunaelewa, Bi Mkaguzi."

"Ungeweza kunyamaza. Mimi nisingejua."

"Ningeweza," alisema Yunisi.

Mkaguzi aliingiza mkono mfukoni, akatoa karanga, akaitia mdomoni. "Kibali chenu kinasema leo. Hakisemi mara ngapi. Jua bado liko juu, na mimi sina pa kwenda. Lakini safari hii watu hawapandi mpaka mzigo upite."

Yunisi alihisi damu ikimrudi. Alikuwa na pipa la akiba. Alikuwa na dizeli, tena tangi zima, ile inayoendesha jenereta ya Lifti, na kila mtu kiwandani anajua dizeli ya alizeti inavyosafisha: ukiitia kwenye injini chafu inaung'oa uchafu wote wa zamani mpaka chujio linaziba. Ikichemka, hata kupe huachia chuma.

"Luhende, chemsha dizeli. Isiwake, ichemke tu."

Luhende alikuwa ameshavua shati.

Walifanya kazi mchana ule kama watu waliopewa gari la bure la kwenda mbinguni na linaondoka sasa hivi. Walimwaga kilainishi chote kwenye mapipa ya kufungwa. Walimimina dizeli ya moto, wakazungusha gurudumu polepole, wakaimwaga. Luhende aliingia ndani ya sanduku la gia na brashi, mzima mzima, akasugua jino kwa jino, na sauti yake ikasikika humo ndani ikiliomba gurudumu msamaha. Mkaguzi alitoa mashahidi wake mwenyewe kwenye debe. Dizeli ya kwanza ya kuoshea ilimgeuza konokono bluu ya usiku. Waliosha tena, akaja bluu ya mbali, ya moshi. Waliosha tena na tena, Yunisi akiwa na malengelenge mikononi, mpaka konokono alipopita kwenye dizeli iliyotoka kwenye gia, akaramba, akaendelea na safari yake akiwa mweupe. Ndipo Yunisi akamimina pipa la akiba kwenye gia.

Kule chini mchanga ulikuwa umeshamwagwa bondeni, na hapakuwa na wa kuuzoa. Bi Hadija ndiye aliyeona njia. Ghala la stesheni lilikuwa limejaa magunia ya alizeti yaliyokosa usafiri tangu mavuno. Yunisi alimsikia kwenye redio akipanga watu mistari, akiwaita kwa majina ya koo zao, akiwauliza vijana wa Kinyiramba kama gunia ni zito au wamezoea kubeba simu tu. Watu waliokuja na nguo za sikukuu walibeba magunia na nguo hizo hizo. Mwisho redio ikasema, kwa sauti ya mtu anayehema, "Yamejaa. Matatu yote. Mzani unakubali. Vuteni sasa."

*

Sindano ilianza kupanda tangu mabehewa yalipotoka stesheni.

Yunisi alikuwa amesogeza uso karibu na geji mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Ilikuwa juu kuliko asubuhi, lakini bado chini ya mstari. Mabehewa yalipita mwinuko wa kwanza, wa pili, yakaingia sehemu ya mlima inayoitwa Jiwe la Fisi, mahali reli zinapokaribia kusimama wima. Gurudumu lilibadili sauti. Kwanza lilikohoa, kisha likaanza kulia, mlio mwembamba wa chuma kinachogusa chuma, na sindano ikaukata mstari mwekundu bila hata kusita.

"Breki," alisema Yunisi.

Luhende alikuwa ameshaivuta. Mabehewa yalisimama juu ya Jiwe la Fisi, yakining'inia na magunia yake, yakiyumba taratibu. Behewa la mbele lilikuwa na dirisha, na kwenye dirisha hilo paliegemea gunia, pale pale mama yake alipokuwa amekaa na kanga yake mpya.

Waliliangalia wote watatu. Harufu ya alizeti ilikuwa imechanganyika na harufu ya moto. Bi Theonesta alikuwa na karanga mkononi na hakuitia mdomoni.

"Kwa hiyo asubuhi ni kupe," alisema Luhende polepole. "Kama muhuri ungegongwa... kama tungeosha kesho, halafu tukapandisha watu..." Hakumaliza. Alikaa chini kwenye sakafu yenye dizeli na mgongo wake mpana ukatikisika.

Yunisi alichuchumaa kando yake. Alitegemea kusikia moyo wake ukivunjika, na kwa mshangao wake haukuvunjika. Kichwa kilikuwa kinakwenda mbio. Mpaka Jiwe la Fisi mafuta matupu yalikuwa yamevuta mabehewa matatu ya magunia bila msaada wa mtu yeyote. Hayakushindwa kazi. Yalishindwa na uzito wa pale tu, na uzito ni kitu unachoweza kukipunguza.

"Mtani, inuka. Teremsha mabehewa polepole. Tunakata moja."

"Lifti ya Sekenke ni ya mabehewa matatu."

"Ilikuwa. Bi Mkaguzi, sheria inasema mangapi?"

Bi Theonesta alifikiri kidogo. "Inasema mzigo utakaothibitika," alijibu, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu, meno madogo yenye vipande vya karanga. "Thibitisha."

Waliacha gia ipoe, wakakagua meno, hayakuwa yameumia. Jua lilikuwa limeshainamia upande wa Igunga. Chini wakafungua behewa moja, na mawili yakaanza kupanda. Sindano ilipanda nayo. Mwinuko wa kwanza. Wa pili. Kwenye Jiwe la Fisi gurudumu lilinguruma, Yunisi akashika mkono wa Luhende, Luhende akashika mkono wa mkaguzi wa serikali bila kujua kaushika. Sindano ilifika chini kidogo ya mstari, ikatetemeka hapo. Ikatetemeka. Ikakaa.

Mabehewa yaliupita mwamba. Yalikuja yakikua dirishani, yakiwa na mwanga wa jioni kwenye vyuma vyake, mpaka yakagonga vizuizi vya juu kwa kishindo kizuri kabisa, na mbegu chache za alizeti zikamwagika mlangoni.

Vigelegele vya Shelui havikuhitaji redio. Vilipanda vyenyewe.

"Mawili," alisema Bi Theonesta, akigonga muhuri kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Mawili ya halali. Kesho abiria wapande, na mimi nitapanda behewa la mbele na mama yako."

Luhende alijifuta uso kwa kiganja, akauacha mweusi zaidi. "Na la tatu, mtani?"

Yunisi alikuwa amesimama mlangoni. Kando ya reli, mpaka chini kabisa, ilikuwa imeota minyonyo ya porini, ile ambayo hakuna mbuzi anayeila, na mbegu zake zenye madoa zilikuwa zimezagaa kwenye kokoto. Alikuwa ameipita kila siku tangu afike Sekenke. Mafuta ya nyonyo ni mazito, yanashika chuma hayataki kuachia, kwa sababu kamba zake zina kifundo katikati. Na yakidondoka yanaoza. Alianza kucheka tena, kwa sauti, na safari hii hakuweza kujizuia.

"Nyonyo," alisema. "Luhende, nyonyo. Tunachanganya na alizeti. La tatu tutalivuta kwa nyonyo, nipe msimu mmoja."

Luhende hakuelewa, lakini alishaanza kucheka kwa kumfuata. Ndipo alipouona ule upawa, umelala juu ya benchi alipouacha alfajiri. Kicheko kilimkauka. Aliuokota akaelekea dirishani.

"Unataka kuutupia Wembere?" Yunisi aliuliza. "Uoshe. Kwa dizeli ya moto, kama ulivyoosha gia."

Aliuosha mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mkaguzi alimkopesha konokono, naye akatembea kwenye upawa mzima, ndani na nje, akabaki mweupe. Yunisi alifungua koki ya gia, akamwelekeza Luhende akinge. Mafuta yaliingia yakiwa na joto bado, ya rangi ya asali, na Luhende aliyabeba kwa mikono miwili mpaka kwenye chupa safi, hakumwaga hata tone.

"Niseme maneno gani?" aliuliza.

"Bado. Yaweke tu mahali pazuri," alisema Yunisi. "Pipa la nyonyo likija, limkute mwenyeji."